Tubula kwenye rimu za kaboni: gundi ya fundi viatu itafaa?

Dogo_wa_Sakina (Arusha)

Wakuu, habari za majukumu.

Nimepata magurudumu mawili ya kaboni, rimu zina kina cha milimita 50, breki ni za kubana rimu, siyo diski. Kuna mgeni alikuja na baiskeli yake, wakati wa kuondoka akaona mzigo umezidi, akaniuzia kwa laki sita. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Kufika nyumbani nataka kuvalisha matairi yangu ya kawaida, naona rimu haina midomo. Hakuna pa kushikia tairi. Ni mfereji laini tu umebonyea kama tumbo la kijiko. Kuuliza ndiyo naambiwa hizi ni za tubula: tairi limeshonwa kuzunguka tyubu yake kama mpira wa miguu, halafu linabandikwa kwa gundi. Nikaagiza mawili ya milimita 25, yameshafika na basi kutoka Nairobi. Gundi haikuja.

Sasa hapa mtaani kuna fundi viatu ana ile gundi ya njano ya kopo. Akibandika soli, kiatu kitakufa soli bado ipo. Nilimwonyesha rimu, akacheka, akasema "lete, nusu saa tu nimemaliza." Nyumbani nina pia solusheni ya pancha tyubu nne. Je, kimojawapo kinafaa? Na hizi rimu zina gundi ya zamani, ya kahawia, sehemu nyingine imekauka kama utomvu. Niiache au niitoe?

Nina kilo 74. Baada ya wiki tatu tunapanda Mombo hadi Lushoto na kushuka siku hiyohiyo.

---

Kipara_Ngoto (Morogoro)

Gundi ya viatu, mteremko wa Lushoto. Weka kabisa namba ya simu ya kupokelea michango.

---

Babu_Spoku (Moshi)

Kijana, mshukuru fundi viatu, na kopo lake libaki na viatu. Simdharau, vya kwangu navipeleka kwa mtu kama huyohuyo. Ila soli na tairi havifanyi kazi moja. Tairi kwenye kona linasukumwa pembeni na kilo zako zote 74, halafu hapohapo linapikwa na breki. Tena gundi ile inashika papo hapo pakigusana tu. Tubula lazima ulisogeze, ulipindishe, ulinyooshe likiwa tayari juu ya rimu, maana sijamwona aliyeliweka sawa kwa mara moja. Na siku ya kulitoa litaacha kitambaa chake cha chini kwenye rimu. Solusheni nayo ni ya kuziba pancha. Ikikauka unabaki utando tu, haina mwili wa kujaza nafasi kati ya tairi na rimu.

Gundi yenyewe ipo. Vittoria wanayo Mastik One, tyubu ya gramu 30. Continental wanazo mbili, ya aluminiamu na ya kaboni, kwa hiyo soma tyubu kabla hujalipa. Agiza tyubu tatu. Mbili zitakwenda na magurudumu, ya tatu ni ya kupaka tairi la akiba utakalobeba chini ya kiti. Usiniambie huna tairi la akiba. Tubula likipata pancha njiani hukai chini ukaziba, unang'oa lote unavalisha lingine.

Sasa nikupe kisa ili usiniharakishe. Miaka hiyo nilibandika la mbele jioni, nikapaka mara moja tu kwenye rimu, kwenye tairi sikupaka kabisa, asubuhi nikatoka nalo. Nashuka kutoka Kibosho kuja mjini, kona ya kulia, siyo kali hata kidogo, nikasikia kitu kama mtu anachana kitambaa. Tairi likawa upande, mimi nikawa kwenye mahindi ya watu na mtulinga umevunjika. Niliporudi nyumbani na mkono shingoni niliomba niletewe lile gurudumu kitandani. Katikati ya mfereji gundi ilikuwa nzuri, inang'aa, inanata mpaka leo ungesema. Lakini kingo zote mbili za rimu, ule upana wa ukucha kila upande, zilikuwa zimetakata kama sahani iliyorambwa. Nilipaka pale palipo rahisi kupaka. Kona haisukumi katikati, kona inafunua kuanzia ukingoni, na ukingo ukishafunuka hiyo ya katikati haina la kufanya.

Kwa hiyo kingo, kingo, kingo. Mengine yote nitakayosema yanafuata hapo.

Anza leo na matairi. Yavalishe makavu, bila gundi, yajaze upepo, yaache siku mbili yavutike. Utatokwa jasho. Ndiyo maana uyavute sasa, usije ukapigana nayo siku ambayo mikono imejaa gundi.

Gundi ya zamani ikwaruze kwa ukucha. Ikiwa imetulia, sawasawa, haibanduki, unaweza kuiacha na kupaka juu yake. Hiyo yako ya utomvu itoe, hujui ni gundi gani wala ya mwaka gani. Usitumie kisu wala bisibisi. Kaboni ni nyuzi zimegandishwa kwa resini, ukikata nyuzi umeumiza rimu yenyewe. Tumia rula ya plastiki ya mtoto wa shule, au mpini wa mwiko. Kinachobaki kifute kwa asetoni kidogo kwenye kitambaa, pangusa uondoke, usimwage wala usiloweke, na kama rimu ina jina la mtengenezaji soma kwanza anachosema, wapo wasioruhusu asetoni. Halafu kuna watu watakwambia spiriti ya hospitali. Angalia chupa! Nyingine zina mafuta ya mbarika ndani yake ili ngozi isikauke. Utakuwa umesafisha kwa mafuta.

Kabla hujapaka, pande za rimu zinapobana breki zifunike kwa teipu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Mswaki wa zamani uukate nyuzi ziwe fupi, huo ndio brashi yako. Fanyia nje, harufu yake inalevya. Paka nyembamba, kama Blue Band kwenye mkate wa bweni, kutoka ukingo hadi ukingo. Acha siku nzima. Paka tena. Acha siku nzima tena. Gundi nene ukiiharakisha inakauka juu, chini inabaki uji, na uji huo hautakauka ukishafunikwa na tairi.

Tairi lenyewe nalo linapakwa. Litoe kwenye rimu, lijaze upepo kidogo likiwa mkononi, utaona linajipindua lenyewe, kitambaa cha chini kinatazama nje kama soksi iliyogeuzwa. Hapo ni rahisi. Kitambaa kitainywa gundi ya kwanza, kesho kipake tena.

Siku ya kubandika paka rimu mara ya mwisho, nyembamba kuliko zote, kisha kaa dakika kumi hadi kumi na tano. Gusa: kidole kikitoka na uzi mwembamba wa gundi, endelea. Simamisha gurudumu sakafuni pasafi, tundu la valvu likiwa juu. Ingiza valvu, kisha mikono yote miwili, mmoja kulia mmoja kushoto, unavuta tairi kwenda chini kwa uzito wa mwili. Ukifika chini kitabaki kipande cha shubiri moja hakitaki kuingia. Geuza, kiinue kwa vidole gumba, usikiburute juu ya ukingo, maana utakomba gundi palepale panapohitajika. Jaza upepo kidogo, zungusha, tazama kama kitambaa cha chini kimechungulia sawa pande zote mbili. Palipopinda, pindisha. Kisha shika ekseli, egemea, livingirishe sakafuni kama unakandamiza chapati. Jaza hadi psi 100 au 110, mwisho uwe ule ulioandikwa kwenye tairi, uliache saa 24. Mimi naacha 48, kwa sababu ya yale mahindi.

---

Mhasibu_Mstaafu (Dar es Salaam)

Kwa heshima zote kwa Babu, hesabu haziendi. Kijana katoa laki sita, kaongeza matairi mawili, la akiba la tatu, gundi, nauli ya basi na siku tano za kusubiri. Kwa pesa hiyo angepata magurudumu ya aluminiamu, matairi ya kawaida, na pancha anaziba mwenyewe kwa kiraka. Hata wale wa Tour de France wengi wameshahamia kwenye tairi zisizo na tyubu.

Na mnaomtuliza mumkumbuke Joseba Beloki, Julai 14, 2003. Alikuwa mtu wa mashindano ya Tour, siyo wa mtaani, na gurudumu lake halikubandikwa na mtu wa kubahatisha. Wanashuka kuelekea mji wa Gap, jua limeyeyusha lami, gurudumu la nyuma likakwama, tairi likang'oka kwenye rimu. Paja, kiwiko na kifundo cha mkono, vyote vilivunjika. Lance Armstrong, mshindani mwenzake aliyekuwa nyuma yake, ilibidi akate kupitia shambani.

Uza.

---

Babu_Spoku

Mhasibu, hesabu zako sizipingi. Ningekuwa na laki sita leo nisingenunua tubula. Lakini kijana anazo tayari ndani ya nyumba, na hajauliza anunue nini.

Ya Beloki ni kweli, na imenikumbusha joto, ambalo sikulisema vya kutosha. Aluminiamu inasafirisha joto la breki na kulitawanya. Kaboni haifanyi hivyo, joto linabaki palepale raba zinapobana, sentimita moja na ushee kutoka kwenye gundi. Na gundi ya tubula ikipata moto inalegea.

Piga hesabu yenyewe, wewe si mhasibu? Lushoto hadi Mombo ni karibu mita 1,000 za kushuka kwa zaidi ya kilomita 30. Kijana kilo 74, baiskeli tuseme nane. Nishati ya kushusha mzigo huo ingechemsha lita mbili za maji ya bomba na chenji ingebaki. Upepo unachukua sehemu yake, lakini barabara ile ni kona juu ya kona, huwezi kuiachia ikimbie, kwa hiyo birika kubwa linapita kwenye breki.

Kijana: usiburuze breki. Achia kwenye nyoofu, kabla ya kona bana kwa nguvu, muda mfupi, mbele na nyuma, kisha achia kabisa ipoe. Ukifika Soni, njiani, simama, pana maporomoko pale, watu watadhani unapiga picha. Gusa rimu. Ikiwa huwezi kuweka kidole, kunywa soda, subiri. Na raba za breki ziwe za rimu za kaboni. Zilizotumika kwenye rimu za aluminiamu huokota chembe zake, zinakula kaboni.

---

Msafiri_Rongai (Kenya)

Hamjambo huko. Mimi nilichoka na gundi, nikaenda kwa teipu ya pande mbili, ile ya Effetto Mariposa. Hakuna kungoja siku tatu. Unabandika teipu kwenye rimu, unavalisha tairi, unaliweka katikati, kisha unavuta karatasi ya juu polepole kutoka chini ya tairi, upande huu na huu. Unajaza pumzi, kesho yake unaendesha. Nimeshuka nayo Corner Baridi kwenda upande wa Magadi, jua la huko mnalijua, haikusonga hata milimita.

Shida ni kutoa. Nilipata pancha mbele kidogo ya Olepolos, saa saba mchana. Spea ninayo, pampu ninayo, lakini tairi haling'oki. Vidole gumba vilifanya malengelenge. Vijana wawili wa kuchunga mbuzi walikuja wakasimama wakaniangalia tu, baadaye mmoja akaniazima rungu lake. Nilipenyeza ncha ya spana kwanza kwa uangalifu, nikazungushia kitambaa, halafu rungu. Dakika arobaini. Mbuzi walikuwa wameshafika mbali.

Kwa hivyo ukitumia teipu acha nafasi kama sentimita tano bila teipu, upande ulio mkabala na valvu, ndiyo pa kuanzia kung'oa.

---

Babu_Spoku

Hiyo nafasi bila teipu nimeiona kwa wengi na siipendi kwa anayeshuka Lushoto, lakini wewe una ushahidi wa Magadi, mimi nina mtulinga. Teipu ni nzuri kwa asiye na subira. Kwa rimu iliyotumika nasema gundi, kwa sababu kama mfereji wa rimu na mgongo wa tairi havilingani sana, gundi inajaza vijinafasi kuliko teipu.

---

Dogo_wa_Sakina

Shikamoo Babu. Natoa ripoti.

Gundi ilifika Jumatatu, Mastik One tatu. Ya zamani niliitoa kwa rula, jioni mbili. Chini yake nilikuta teipu! Sehemu fulani jamaa alikuwa amebandika gundi juu ya mabaki ya teipu. Nimepaka kama ulivyosema, mara mbili na kusubiri, nikafunika pande za breki, kingo nilizipaka kama zina malipo. La nyuma liliingia vizuri. La mbele lilinigomea kile kipande cha mwisho, nikamwita mdogo wangu akashika, tukavuta wawili.

Leo ni saa 48. Nimetoa upepo nikasukuma kwa vidole gumba, shubiri kwa shubiri, kuzunguka lote. La nyuma halina hata nafasi ya kuingiza karatasi. La mbele liko vizuri ila mkabala na valvu, pale pa kipande cha mwisho, upande wa kushoto linafunuka. Urefu wa kidole cha kati hivi. Nikisukuma naona rimu nyeusi tupu, gundi hamna. Nikiachia linarudi. Likijazwa upepo halionekani kabisa.

Ni padogo. Naweza kwenda nalo?

---

Babu_Spoku

Marahaba. Hapana.

Hapo ndipo ulipoburuta tairi juu ya ukingo, gundi yote ikabaki ubavuni mwa tairi. Angalia utaiona, kuna doa linang'aa. Likiwa na upepo linakudanganya kwa sababu linajikaza lenyewe. Na hilo ni la mbele. La nyuma likichomoka unaweza kuanguka ukasimama, la mbele hupewi nafasi ya kufikiri.

Habari njema ni kwamba huhitaji kulitoa lote. Toa upepo, fungua hapo na shubiri moja zaidi kila upande mpaka ufike palipo na gundi inayopigana nawe. Weka kijiti cha aiskrimu lisijifunge. Futa, paka nyembamba rimu na kitambaa, acha mpaka kesho, paka tena, dakika kumi, toa kijiti, kandamiza. Chukua tyubu ya zamani, kata ukanda mrefu kama wa manati, zungushia rimu na tairi pamoja hapo mahali, kaza, jaza upepo kiasi, acha mpaka kesho kutwa. Kisha vidole gumba tena, lote, siyo hapo tu.

Na vile vipande vya kurefushia valvu kwa rimu ya milimita 50 umevifunga kwa teipu nyeupe ya mafundi bomba? Mizunguko miwili kwenye nyuzi, la sivyo utaamka Mombo tairi liko chapati ukalaumu gundi.

---

Dogo_wa_Sakina

Nimefanya. Ukanda nimetoa leo asubuhi. Nimesukuma mpaka kucha zimekuwa za zambarau, halifunuki popote. Teipu ya bomba nilikuwa sijaweka, na kweli la nyuma lilikuwa linapungua psi kumi kwa usiku, nimeweka.

Swali la mwisho Babu, na hili ni la dharura. Sakafu pasafi palikuwa hapana, nilitandika kanga ya mama. Gundi imedondoka sehemu nne, moja imeshika lile neno la katikati kabisa. Anarudi Jumapili kutoka Babati. Asetoni inatoa?

---

Babu_Spoku

Itatoa gundi, itatoa na rangi. Mastik kwenye pamba haitoki, mimi nina suruali ya mwaka 1998 inayoshuhudia.

Doti mpya, kabla ya Jumapili. Na usichague jina wewe mwenyewe, nenda na dada yako.

---

Mhasibu_Mstaafu

Naongeza kanga kwenye hesabu.